Gobori la gumegume, la inlaini au la masafa marefu: lipi linamtendea mnyama haki?

Anayetafuta gobori la kuwindia nchini Marekani leo ataonyeshwa silaha tatu zenye jina moja ambazo kazi zake zimeachana mbali. Zote hushindiliwa risasi kwa mdomo wa mtutu. Baada ya hapo kila moja ina njia yake, na mwindaji anayechagua bila kulielewa hilo anaweza kuvunja sheria ya jimbo asijue, au kumwacha kulungu akiwa na jeraha la tumbo kwenye kilima ambacho hatakifikia kabla ya giza.

La kwanza ni gobori la nyundo ya pembeni. Hutumia baruti nyeusi, goroli ya risasi iliyofungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, na vilengeo vya chuma, na moto wake hutoka kwenye gumegume, yaani jiwe linalotoa cheche, au fataki ndogo ya shaba. La pili ni inlaini, ambapo fataki ya shotgani nambari 209 hukaa nyuma kabisa ya baruti, kwenye mstari mmoja na mtutu (kwa Kiingereza "in-line"), ndipo lilipotoka jina. Tony Knight wa Missouri alitoa modeli yake ya MK-85 mwaka 1985, na soko la magobori likageuka tangu hapo. La tatu ni inlaini iliyosukumwa hadi mwisho: kizibo kinene cha nyuma, baruti isiyo na moshi, risasi ndefu ya .45 (kipenyo cha inchi 0.45), darubini yenye gurudumu la kupandishia shabaha, na kipima umbali cha leza. Savage 10ML ndiyo iliyozoeza watu wazo la baruti isiyo na moshi kwenye gobori, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo kuna karakana zinazotengeneza magobori ya kulenga mita 450 na zaidi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, neno gobori huleta picha ya bunduki ya fundi wa kijijini na kesi za ujangili, na Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977. Hapa tunazungumzia nchi ambayo gobori lina msimu wake, leseni yake na kitabu chake cha kanuni. Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Idaho na Pennsylvania, wengi wao kutoka Kongo, wanaishi katika majimbo mawili yenye baadhi ya kanuni kali kuliko zote kuhusu silaha hii, kwa hiyo swali hili linawagusa moja kwa moja.

Kipimo tunachotumia

Mabishano mengi hukwama kwenye "ya kale" dhidi ya "ya kisasa". Kipimo hicho hakimsaidii mnyama. Sisi tunaigawa teknolojia kwa swali moja: je, kifaa hiki kinapunguza majeraha katika umbali uleule, au kinaongeza umbali tu? Fataki inayowaka hata kwenye mvua ni ya kundi la kwanza. Risasi inayofunguka vizuri kwenye mapafu pia. Gurudumu la darubini lililoandikwa mita 400 ni la kundi la pili. Vifaa vya kundi la kwanza tunavitetea hata pale ambapo wapenzi wa gumegume wanakunja uso. Vya kundi la pili tunavipinga ndani ya msimu wa gobori, na sababu zake tutazieleza.

Misimu ya gobori ilitengwa kwa kuzingatia udhaifu wa silaha. Pennsylvania ilianzisha msimu wake wa gumegume mwaka 1974, na hadi leo msimu wa baridi baada ya Krismasi ni wa gumegume. Colorado huwapa wenye magobori nafasi Septemba, wakati elki (kulungu wakubwa wa Amerika) dume wanapolia wakitafuta majike na kusogea karibu na mtu kuliko wakati mwingine wowote. Nafasi hiyo ilitolewa kwa sababu silaha ina risasi moja na hufika karibu tu. Idara za wanyamapori hupanga idadi ya vibali kwa kuangalia ni wawindaji wangapi hufanikiwa. Silaha ikifika mbali mara tatu, mafanikio hupanda, na njia ya kurekebisha ni kupunguza vibali au kufupisha msimu. Anayelipia gharama hiyo ni pamoja na yule aliyebaki na gumegume lake.

Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, hutumia kanuni ya uwindaji wa haki: mnyama awe huru, na mwindaji asiwe na faida inayomnyima nafasi ya kweli ya kuponyoka. Mnyama hujilinda kwa pua, masikio na macho. Kulungu aliye mita 60 anaweza kukunusa upepo ukigeuka. Aliye mita 400 hana cha kutumia dhidi yako.

Namba zenyewe

Namba hizi ni za takriban, kwa upepo wa kilomita 16 kwa saa unaokatiza kutoka ubavuni. Greni ni kipimo kidogo cha uzito wa risasi na baruti (greni 15 hivi ni gramu moja), na saboti ni kikombe cha plastiki kinachoishika risasi ndani ya mtutu. Eneo la moyo na mapafu la kulungu mkia-mweupe lina upana wa sentimita 20 hadi 25 hivi. Lishike hilo kichwani unaposoma safu ya mwisho.

| Gobori na risasi | Umbali | Muda wa risasi hewani | Upepo huisogeza |
|---|---|---|---|
| Goroli ya .490, gramu 11.5, mita 580 kwa sekunde | mita 45 | sekunde 0.1 | sm 5 |
| Goroli hiyohiyo | mita 90 | sekunde 0.2 | sm 20 |
| Inlaini .50, risasi ya greni 250 ndani ya saboti, mita 580 kwa sekunde | mita 90 | sekunde 0.17 | sm 5 hadi 6 |
| Hiyohiyo | mita 180 | sekunde 0.37 | sm 25 |
| Hiyohiyo | mita 270 | sekunde 0.6 | sm 55 |
| Masafa marefu .45, baruti isiyo na moshi, mita 820 kwa sekunde | mita 270 | sekunde 0.4 | sm 28 |
| Hiyohiyo | mita 460 | sekunde 0.75 | sm 85 |

Tazama mstari wa goroli kwenye mita 90. Upepo wa kawaida tu umeshaitoa nje ya mapafu kama ulilenga katikati. Kwa hiyo anayedhani gumegume ni salama kwa mnyama kwa sababu ni la kale, naye amekosea. Goroli ni duara na hewa huishika vibaya, hivyo inapofika mita 90 kasi yake imeshuka hadi mita 350 hivi kwa sekunde. Mipaka yake ya kweli kwa mtu wa kawaida ni mita 45 hadi 70.

Sasa tazama mstari wa chini. Sentimita 85 ni umbali wa kutoka bega la kulungu hadi nje ya mkia wake. Leza inaweza kukupa umbali kamili, na gurudumu la darubini likarekebisha kushuka kwa risasi, lakini hakuna kati ya hivyo kinachojua upepo unafanya nini katikati ya bonde, kati yako na mnyama. Kosa dogo la kukadiria upepo, tuseme kilomita 5 kwa saa, hugharimu sentimita 25 na zaidi kwenye umbali huo.

Kisha kuna hatua moja ya mnyama, jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Kulungu anayetembea taratibu akila huenda mita moja na kidogo kwa sekunde. Risasi ikikaa hewani sekunde 0.75, mnyama anaweza kusogea sentimita 80 hadi 90 baada ya wewe kuvuta kifyatulio. Ulilenga mapafu, unapata utumbo. Ustadi wako ulikuwa kamili na matokeo ni mabaya vilevile, kwa sababu kosa halikutokea mkononi mwako. Hapo ndipo mpaka wa maadili ulipo kwa maoni yetu: umbali ambao mnyama akiinua mguu mmoja tu, risasi nzuri inageuka jeraha.

Kuwaka kwa moto: kisasa kinashinda

Gumegume humwadhibu mzembe. Ili liwake, baruti kavu ya FFg (alama ya ukubwa wa punje), greni 80 hadi 90 kwa mtutu wa .50, hupimwa kwa kipimo kando na kumiminwa mtutuni. Haimiminwi moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa ya baruti, kwa sababu cheche iliyobaki ndani kutokana na mlipuko uliopita inaweza kuilipua chupa yote mkononi. Kitambaa chenye mafuta huwekwa juu ya mdomo, goroli juu yake, kisha mdeki (fimbo ya kushindilia) huisukuma hadi chini kabisa. Mdeki uwe na alama ya kalamu inayoonyesha kina cha mtutu uliojaa sawasawa. Kila unaposhindilia, alama ije sawa na mdomo. Goroli ikikwama njiani na kuacha pengo juu ya baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Mwisho kisahani cha pembeni hutiwa baruti laini ya FFFFg kidogo, bila kukijaza wala kuziba tundu. Kisahani kikijaa, moto husubiri kupenya kama utambi badala ya kuruka, na bunduki huchelewa.

Kuchelewa huko ndiko kunakojeruhi. Mtu huvuta, kisahani kinamulika, yeye anashtuka na kusogeza mtutu, na nukta hiyohiyo baruti kuu inawaka. Baruti nyeusi hunywa unyevu wa hewa, na asubuhi ya theluji pumzi yako mwenyewe ukiinama juu ya kisahani inatosha kuiharibu. Dawa ni kubadilisha baruti ya kisahani kila saa moja au kila mvua inaponyesha, kufuta makali ya jiwe kwa kitambaa kikavu, na kufunika mtambo kwa ngozi iliyopakwa nta. Bunduki ikikataa kulia, elekeza mtutu mahali salama na uhesabu dakika nzima kabla ya kuigusa.

Inlaini yenye fataki 209 huondoa karibu yote hayo. Moto ni mkubwa, huenda moja kwa moja, na mvua haiufikii kwa urahisi. Hii ni huruma kwa mnyama, tunasema bila kusita. Lakini nayo ina makosa yake. Mafuta yaliyobaki kwenye kizibo cha nyuma baada ya kusafisha huzima moto wa kwanza, kwa hiyo fyatua fataki moja au mbili bila baruti, mtutu ukielekea kwenye jani kavu. Jani likiruka, tundu liko wazi. Vidonge viwili vya baruti vya greni 50 ni rahisi kutumia, ila kidonge kilichovunjika mfukoni hubadilisha kipimo. Na vipimo vya baruti mbadala ni vya ujazo. Ukiichukua "greni 100" ya ujazo ukaipima kwenye mizani kama uzito, umezidisha.

Hatari kubwa kuliko zote iko hapo. Baruti isiyo na moshi haiingii katika gobori lolote ambalo mtengenezaji hakuliandikia ruhusa hiyo. Kipimo kidogo tu hupandisha shinikizo ambalo mtutu wa kawaida hauwezi kulibeba, na linapopasuka hupasuka karibu na mkono wa kushoto na uso. Mwenye gobori la tatu na la pili nyumbani asiweke chupa zake za baruti kwenye rafu moja.

Mwaka 2020 lilitokea jambo la katikati: kampuni za Federal na Traditions zilitoa kapsuli ya plastiki iliyojaa baruti, inayoingizwa kwa nyuma, huku risasi ikiendelea kushindiliwa kwa mdomo. Unyevu hauigusi, na kutoa baruti mwisho wa siku ni kuchomoa kapsuli tu. Haiongezi umbali. Kwa kipimo chetu ni ya kundi la kwanza, ingawa baadhi ya majimbo hayajaikubali katika msimu wa gobori.

Baada ya mlio

Gobori lina risasi moja. Kushindilia tena huchukua nusu dakika kwa aliyejizoeza, na dakika nzima au mbili kwa mwenye mikono iliyoganda. Kwa hiyo kinachofuata mlio kina uzito kuliko kwa bunduki ya kawaida, na hapa umbali hubadilisha kila kitu.

Kwenye mita 60, moshi ukitawanyika utaona mahali kulungu aliposimama, jinsi alivyoruka, na alikokimbilia. Utafika hapo kwa hatua mia moja na kusoma ardhi. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu: subiri nusu saa, mnyama yuko karibu. Damu nyeusi nzito ni ini: subiri saa tatu au nne. Ukiona majani yaliyotafunwa au maji ya kijani yenye harufu, umepiga tumbo. Rudi nyuma kimya, subiri saa 8 hadi 12, kwa sababu ukimfuata mapema atanyanyuka na kwenda kilomita nyingi.

Kwenye mita 400, ng'ambo ya bonde, mti uliokuwa nyuma ya mnyama haufanani tena na chochote ukishafika. Kushuka na kupanda huchukua nusu saa au zaidi. Tone la kwanza la damu linaweza lisionekane kabisa, na wengi huhitimisha kwamba wamekosa, wakaenda zao. Hatuna shaka kwamba sehemu ya wanyama "waliokoswa" kwa mbali ni wanyama waliopigwa. Risasi nayo ikiwa imepungua kasi huenda isifunguke inavyotakiwa. Hupita ikiacha tundu jembamba na damu kidogo ya kufuata.

Upande wa wanaotetea masafa

Hoja yao yenye nguvu ni macho. Mtu wa miaka 60 hauoni tena ukingo wa kilengeo cha nyuma, na kumlazimisha atumie chuma kitupu ni kumwongezea mnyama hatari. Tunakubali. Darubini isiyokuza, au inayokuza mara mbili hadi nne, kwenye mita 90, ni kifaa cha kundi la kwanza. Baadhi ya majimbo hutoa kibali maalumu kwa wenye tatizo la macho, na huo ni utaratibu mzuri. Hoja yao ya pili, kwamba anayefanya mazoezi mwaka mzima kwa mita 400 ni salama kuliko mzembe wa mita 100, ni ya kweli kuhusu watu hao wawili. Haimzuii mnyama kupiga hatua.

Sheria zinakwenda wapi

Idaho, katika uwindaji wa gobori pekee, hutaka fataki iwe wazi kwenye hewa, hukataa 209, saboti na vidonge, na huruhusu vilengeo vya wazi au vya tundu tu. Colorado nayo imekataa darubini, saboti, vidonge na baruti isiyo na moshi, na hutaka angalau .40 kwa kulungu na .50 kwa elki. Utah iliruhusu darubini za kukuza mwaka 2016, halafu ikazizuia tena katika misimu ya gobori kuanzia 2024. New Mexico ilikwenda njia hiyohiyo kuanzia msimu wa 2023. Mashariki na kati mwa nchi, Ohio na Missouri zikiwa mfano, darubini inaruhusiwa, na kwenye misitu na mashamba madogo haileti madhara makubwa kwa sababu macho yenyewe hayafiki mita 200. Kanuni hubadilika, soma kitabu cha mwaka huo kabla ya kulipa hata senti moja.

Uchague lipi

Kwa Pennsylvania majira ya baridi, chagua gumegume, na ukubali mita 50. Kwa Idaho au Oregon, chukua la nyundo ya pembeni lenye fataki ndogo ya shaba: huwaka kwa uhakika zaidi kuliko gumegume, na mtutu ambao mifereji yake ya ndani inazunguka kwa kasi hutupa risasi ndefu ya madini ya risasi tupu vizuri hadi mita 90. Kwa anayeanza katika jimbo linaloruhusu, inlaini ya .50 yenye greni 100 na risasi ya greni 250 ndilo chaguo letu, ikiwa na darubini ndogo na mpaka wa mita 140. La masafa marefu halifai kuwa gobori la kwanza la mtu yeyote.

Mpaka wako mwenyewe uupate hivi. Chukua sahani ya karatasi ya sentimita 20. Piga risasi moja tu kwa siku, mtutu ukiwa baridi na msafi kama utakavyokuwa porini, ukiwa umekaa au umepiga goti, usiegemee benchi. Fanya siku tano tofauti, moja wapo iwe ya upepo. Umbali ambao zote tano ziligusa sahani ndio wako. Ukishindwa moja, sogea mita 20 mbele na uanze upya. Porini punguza robo ya hapo, kwa ajili ya moyo unaodunda na vidole vya baridi.

Aliyekwisha kununua la tatu hana sababu ya kulitupa. Litumie katika msimu wa jumla wa bunduki, ambao haukutengwa kwa silaha dhaifu, weka gurudumu la darubini kwenye sifuri yake (umbali mmoja ambao darubini imerekebishiwa), na usilizungushe mnyama akiwa mbele yako. Akiwa mbali mno kwa sifuri hiyo, shuka bondeni umfuate kwa miguu, upepo ukiwa usoni.